Wanga, mafuta au protini: kipi kikubebe siku ya Nairobi?

Keti kwenye meza ya chakula cha mchana katika ofisi yoyote ya Upper Hill, hutakosa mabishano haya. Mmoja ameacha ugali tangu Januari, anakula mayai, nyama na avokado, na anaapa kwamba sasa mwili wake "unachoma mafuta" na hasinzii tena saa nane mchana. Mwenzake anamega tonge, anachovya kwenye mchuzi, anamjibu kwamba asiyekula ugali hajala. Shuka hadi Marikiti kwa watu wa mkokoteni nako ukute hawana muda wa ubishi huo: sahani ni ugali wa kushiba na maharagwe, kisha mzigo unaendelea.

Kila upande umeshika ukweli kidogo, ila mabishano yenyewe yameanzia pabaya. Mwili hauchomi kitu kimoja ukaacha kingine. Hata sasa unaposoma, unachoma mafuta na wanga kwa pamoja, na protini kidogo. Kinachopanda na kushuka ni uwiano, nao huamuliwa hasa na kasi ya kazi unayofanya na muda uliopita tangu ulipokula. Kwa hiyo usitarajie hapa nikutajie mshindi. Nitakachofanya ni kuviweka vitatu hivi bega kwa bega, uone kipi kinafaa mwendo gani, kwa saa ngapi, na kwa mfuko upi.

Njia zinapokutana

Misuli haitambui chapati wala nyama. Inachotumia ni ATP, molekuli ndogo iliyogunduliwa na Karl Lohmann huko Ujerumani mwaka 1929, ambayo ikivunjwa hutoa nishati inayokaza msuli, kusukuma chumvi kwenye neva na kuweka moyo ukidunda. Akiba yake ni ndogo ajabu. Ukitimua mbio kwa nguvu zote, ATP iliyomo misulini ingeisha kwa sekunde chache kama isingetengenezwa upya papo hapo. Sekunde kumi hivi za kwanza hujaziwa na fosfokreatini iliyohifadhiwa humo humo kwenye msuli. Hiyo ndiyo unayotumia ukikimbilia matatu inayong'oka stejini. Ukipitiliza hapo, chakula ndicho kinaanza kuhesabika.

Wanga humeng'enywa hadi kuwa glukosi, na glukosi huvunjwa kwa hatua 10 ndani ya seli. Mafuta hukatwa vipande vya kaboni mbili mbili. Protini hulazimika kuvuliwa naitrojeni kwanza, naitrojeni hiyo igeuzwe urea kwenye ini, itoke kwa mkojo. Mabaki ya vyote vitatu huingia kwenye mitokondria, vijiwanda vya nishati ndani ya seli, katika mzunguko ambao Hans Krebs aliufafanua mwaka 1937 akiwa Sheffield, Uingereza. Mwisho wa safari, oksijeni uliyovuta hupokea elektroni na kuwa maji, na ATP hutoka kwa wingi. ATP iliyotokana na nduma haina tofauti yoyote na ile iliyotokana na mafuta ya mbuzi. Vyote vitatu hutofautiana njiani: vinafika kwa upesi gani, vinadai oksijeni kiasi gani, na vimewekwa wapi.

Kabla hatujaenda mbali, "kalori" ninazotaja ni zile za kwenye pakiti ya unga, yaani kilokalori. Tarakimu za akiba ni za mtu wa kilo 70 hivi.

| | Wanga | Mafuta | Protini |
|---|---|---|---|
| Nishati kwa gramu | kalori 4 | kalori 9 | kalori 4 |
| Akiba mwilini | gramu 500 hivi za glikojeni, yaani glukosi iliyohifadhiwa (kalori 2,000) | kilo 10 na zaidi (kalori 90,000 na zaidi) | hakuna akiba, ni misuli na viungo vyenyewe |
| Bila oksijeni ya kutosha | inawezekana, kwa muda mfupi | haiwezekani | haiwezekani |
| Nishati kwa lita moja ya oksijeni | kalori 5.0 | kalori 4.7 | kalori 4.5 hivi |
| Upesi wa kutoa ATP | mkubwa | karibu nusu ya wanga | mdogo |
| Nishati inayotumika kukishughulikia chakula chenyewe | asilimia 5–10 | asilimia 0–3 | asilimia 20–30 |
| Kwenye kibanda | ugali, chapati, wali, nduma, ndizi, chai ya sukari | avokado, njugu, mafuta ya kukaangia, mafuta ya nyama | maharagwe, ndengu, mayai, omena, nyama |

Wanga

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu wanga ndio unaosingiziwa mengi mjini siku hizi.

Faida yake ya kwanza ni kwamba glukosi ndiyo pekee kati ya hivi vitatu inayoweza kutoa ATP hata oksijeni isipotosha. Faida ni ndogo, ATP 2 tu kwa molekuli moja, ukilinganisha na 30 hivi oksijeni ikiwepo. Lakini inakuja kwa upesi ambao mafuta hayaujui. Mtu anayesukuma mkokoteni wenye magunia ya viazi kupanda mlima, au anayepandisha ndoo ya saruji hadi orofa ya tano mjengoni, anazitegemea sana hizo ATP mbili mbili kwa muda mfupi. Ndiyo maana misuli inamwaka moto kisha anasimama kuhema.

Hapo watu husema "asidi ya laktiki imejaa", na wengine huilaumu kwa maumivu ya kesho yake. Si haki. Lakteti, ndilo umbo la asidi hiyo mwilini, husafiri kwa damu hadi kwenye ini, ambako hurudishwa kuwa glukosi. Carl na Gerty Cori walieleza mzunguko huo na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1947 kwa kazi yao juu ya glikojeni. Lakteti nyingine huchomwa na moyo na misuli mingine kama chakula chochote kile. Ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi kiwango chake kimeshashuka. Maumivu ya kesho yanatokana na misuli iliyochanika kidogo kidogo na kuvimba.

Faida ya pili inatuhusu sisi wa Nairobi kuliko watu wa Mombasa. Mji huu umekaa kati ya mita 1,600 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni mdogo kuliko wa pwani kwa karibu moja ya tano. Kila pumzi inabeba oksijeni pungufu. Mwili wa mkaaji huzoea, lakini mgeni kutoka pwani anahema kwenye ngazi ambazo kwao angezipanda akipiga soga, maana kazi ile ile sasa iko karibu zaidi na ukomo wake. Na kadiri kazi inavyokaribia ukomo wako, ndivyo mwili unavyouegemea wanga na kuyaacha mafuta. Ukiangalia jedwali, wanga hutoa kalori nyingi zaidi kwa lita ile ile ya oksijeni, asilimia 6 hivi kuzidi mafuta. Ukiwa umeketi hutaona kitu. Ukiwa unapanda vilima vya Ngong kwa mbio, unaona.

Haishangazi basi kwamba wakimbiaji wetu hawakungoja kushauriwa. Vincent Onywera na wenzake walichapisha mwaka 2004 utafiti juu ya mlo wa wakimbiaji wa Kenya wa kiwango cha juu: takriban asilimia 76 ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, mafuta yakachangia 13 na protini 10. Ugali ulikuwa mstari wa mbele, na sukari ya chai ikifuata kwa karibu. Nikisoma makala za mitandaoni zinazosema ugali "unaua nguvu", huwa nawakumbuka hao.

Sasa kasoro. Akiba ni ndogo. Ini hushika gramu 100 hivi za glikojeni, misuli 400 hivi, zaidi kidogo kwa aliyefanya mazoezi na kula vizuri. Kukimbia hugharimu takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Mwenye kilo 60 akikimbia kilomita 42 anahitaji kalori 2,500 hivi, na akiba yake nzima ni 2,000. Tena si yote inayotumika: msuli hauwezi kurudisha glukosi yake kwenye damu, kwa hiyo glikojeni iliyomo mikononi haiwasaidii miguu hata ikiwa imejaa. Karibu na kilomita ya 30 miguu inageuka mawe. Wakimbiaji wa Nairobi Marathon wanaijua sehemu hiyo vizuri.

Wanga pia haufanani wote. Sukari ya chai inafika kwenye damu ndani ya dakika chache. Ugali na chapati ya unga mweupe hazichelewi sana. Nduma, viazi vitamu, na hasa githeri, ambayo maharagwe yake huchelewesha umeng'enyaji, huingia polepole. Tofauti hii ina maana kwa aliyekaa kuliko kwa anayetembea. Sukari ikipanda ghafla, kongosho humwaga insulini, na insulini hufunga mlango wa mafuta: seli za mafuta huacha kuyaachilia kwenye damu kwa muda. Anayebeba mzigo glukosi hiyo inaliwa na misuli mara moja. Aliyeketi mbele ya kompyuta na chai ya vijiko vinne pamoja na mandazi mawili saa nne asubuhi hana pa kuipeleka.

Mafuta

Hapa akiba ni kubwa kupindukia. Hata mtu mwembamba wa kilo 70 ana kilo kama 10 za mafuta, nishati ya kutembea kwa majuma. Glikojeni hukaa pamoja na maji, gramu 3 hivi za maji kwa kila gramu, ilhali mafuta hukaa karibu makavu. Hiyo pia ndiyo siri ya kilo mbili zinazopotea wiki ya kwanza ya keto, ule mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana. Glikojeni imepungua, maji yake yameenda nayo. Kitambi bado kipo pale pale.

Tatizo la mafuta ni mwendo. Lazima kwanza yaachiliwe kutoka kwenye seli zake, yabebwe na protini ya damu, yaingie kwenye msuli, kisha yavushwe hadi ndani ya mitokondria kwa msaada wa kibebaji kiitwacho kanitini. Kwa mtu wa kawaida kilele cha kuyachoma ni nusu gramu hivi kwa dakika. Fanya hesabu: gramu 30 kwa saa, kalori 270. Anayetembea kwa kilomita 5 kwa saa na uzito wa kilo 60 anatumia kama kalori 200 na kitu kwa saa, kwa hiyo mafuta yanaweza kumbeba sehemu kubwa ya safari. Akianza kukimbia kilomita 10 kwa saa anahitaji 600, na mafuta peke yake hayafikii hata nusu. Yanayobaki lazima yatoke kwenye wanga.

Kwa hiyo maelfu wanaotoka Kibera na Mukuru alfajiri kwa miguu kwenda Industrial Area, wengi wakiwa hawajanywa hata chai, wanachoma mafuta kuliko mteja wa gym anayetoa jasho kwenye baiskeli ya kasi huko Kilimani. Nusu au zaidi ya nishati ya mwendo ule inatoka kwenye mafuta. Hakuna anayewapongeza, lakini ndivyo ilivyo.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa mlo wa keto hulipitia mbio. Kuchoma mafuta si sawa na kupunguza mafuta. Ukila avokado mbili na njugu kiganja, mwili utachoma mafuta zaidi, naam, na mengi yake ni ya hiyo avokado. Gramu 100 za njugu zina kalori zaidi ya 550. Kitambi hupungua pale tu unapotumia kuliko unavyokula, iwe unakula wanga au mafuta. Wanaofaulu na keto mara nyingi wamefaulu kwa sababu mayai na nyama vinashibisha, na kwa sababu soda, mandazi na chipsi vimetoka mezani.

Ubongo nao una masharti yake. Kwa siku hutumia gramu 120 hivi za glukosi, karibu moja ya tano ya nishati ya mwili uliopumzika, na asidi za mafuta haziuingii kwa kiasi cha maana. Wala mwili hauwezi kugeuza asidi hizo kuwa glukosi. Njia ya kuzunguka ni ketoni, ambazo ini hutengeneza kutokana na mafuta wanga ukikosekana kwa muda. Baada ya siku nyingi bila kula, ketoni huweza kubeba hadi theluthi mbili ya mahitaji ya ubongo. Seli nyekundu za damu zenyewe hazina mitokondria, na zitadai glukosi hadi mwisho.

Aliyefunga Ramadhani Eastleigh au South C anauonja mwanzo wa safari hiyo. Kwa kuwa Nairobi iko karibu na ikweta, saa za saumu hapa ni 13 na ushei kila mwaka, Ramadhani iangukie mwezi wowote. Kufikia magharibi glikojeni ya ini imepungua sana, mafuta yamechukua usukani, ketoni zimeanza kupanda kidogo. Tende na uji vinapoingia, mambo yanageuka ndani ya nusu saa. Daku ya ngano nzima, maharagwe au uji wa wimbi hukupeleka mbali kuliko chai na mkate mweupe.

Na mwanariadha je? Louise Burke na wenzake huko Australia waliwapa watembeaji wa mashindano wa kiwango cha dunia mlo wa mafuta mengi kwa wiki tatu, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Miili yao ilijifunza kuchoma mafuta kwa kiasi kikubwa kweli. Ila kwa kasi ile ile walihitaji oksijeni zaidi, na kwenye mbio za kilomita 10 hawakuboresha muda wao, wakati waliokula wanga waliboresha. Kwa mtu anayefanyia mazoezi kwenye hewa nyembamba ya huku juu, mimi nisingemshauri alipie oksijeni zaidi kwa hiari yake.

Onyo moja lisilo la mzaha: mwenye kisukari, hasa anayedunga insulini, asianze keto wala saumu ndefu bila kuongea na daktari wake wa kliniki. Dawa zikibaki zilezile na wanga ukatolewa, sukari yaweza kushuka hadi azimie. Na pale insulini inapokosekana kabisa, ketoni hupanda bila breki na damu huwa na asidi ya kuua.

Protini

Fupi. Protini huweza kuchomwa, na mwili huichoma kidogo kila siku. Katika mazoezi marefu, glikojeni ikikaribia kuisha, mchango wake hupanda hadi asilimia 10 hivi ya nishati. Lakini kuifanya protini kuwa chanzo kikuu cha nishati ni kung'oa mlango wa nyumba upate kuni za kupikia. Kazi yake ni kujenga na kukarabati: gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku zinamtosha mtu mzima asiye na kazi nzito, na 1.2 hadi 1.6 hivi zinamfaa anayejituma. Mtu wa mjengo mwenye kilo 65 anafika huko kwa maharagwe, mayai mawili, glasi ya maziwa, na ugali wenyewe ambao nao una protini kidogo.

Kwa mfuko, halina mjadala. Kalori za unga ni za bei rahisi, kalori za nyama ni ghali, na karibu robo ya nishati ya protini inaishia kwenye kazi ya kuimeng'enya na kuivunja. Nyama choma ya Kenyatta Market ni tamu. Kula kwa utamu wake na kwa protini na chuma vilivyomo. Ukiila ili upate nguvu ya kukimbia umelipia pesa nyingi kwa kitu ambacho ndizi ingefanya.

Na pombe, kwa kuwa mtaniuliza

Ina kalori 7 kwa gramu, karibu na mafuta. Mwili hauna pa kuiweka, hivyo ini huiharakisha mbele ya vingine vyote, na wakati huo uchomaji wa mafuta unazuiwa. Chupa ya bia ya nusu lita ni kalori 200 hivi, na mutura uliokula nayo unasubiri foleni ukielekea kuhifadhiwa. Pombe pia huzuia ini kutengeneza glukosi mpya, kwa hiyo kuinywa tumbo likiwa tupu baada ya siku ya kazi nzito ni hatari ya kweli, hata kama hutalewa sana. Misuli nayo haiitumii kama inavyotumia glukosi au mafuta.

Basi uchague nini?

Kama kazi yako ni ya kuinua, kusukuma na kupanda, wanga uwe msingi na usiuonee haya. Sahani ya ugali iliyotokana na gramu 200 za unga ina wanga gramu 150 hivi na kalori zaidi ya 700. Usiile yote kwa mkupuo saa saba kisha ukapandishe mawe saa saba unusu, damu itakuwa tumboni. Githeri au uji wa wimbi asubuhi, chai ya sukari na chapati katikati, ugali na maharagwe baadaye. Mafuta ya kukaangia na avokado ya pembeni ni nyongeza nzuri, kwa sababu siku ya saa kumi za kazi inahitaji kalori nyingi na tumbo lina mipaka.

Kama umekaa, iwe ni kwenye dawati, kwenye pikipiki ukingoja abiria, au nyuma ya usukani wa matatu kwenye msongamano wa Thika Road, mahitaji yako ni madogo kuliko unavyohisi. Uchovu wa saa nane mara nyingi si upungufu wa nishati, na soda haiutibu. Punguza sukari, chukua nusu ya ugali, ongeza sukuma, maharagwe, mayai au samaki, na njugu chache. Mlo wenye wanga mdogo kiasi unakufaa wewe kuliko mtu yeyote mwingine aliyetajwa humu, na yule wa Upper Hill aliyeacha ugali, kwa hali yake, hakukosea sana. Ila keto kamili si lazima, na wengi hawaiwezi zaidi ya miezi michache, hasa ikifika Desemba na chapati za nyumbani.

Mwenye kazi ya usiku ana shida yake. Bawabu anayelinda geti la Lavington kuanzia saa kumi na mbili jioni anatumia nishati kidogo, lakini baridi na usingizi vinamfanya atamani sukari. Usiku mwili pia hushughulikia glukosi vibaya kuliko mchana. Ale chakula cha maana kabla ya kuingia kazini, kisha usiku ajipitishe na mayai ya kuchemsha, njugu au maziwa, na chai isiyojaa vijiko.

Anayekimbia kilomita 5 hadi 10 pale Karura hahitaji kinywaji chochote cha wanamichezo. Glikojeni inamtosha, na akipenda kwenda asubuhi bila kula, kwa mwendo wa kuongea, hakuna ubaya. Nusu marathoni ni hadithi nyingine: wali au ugali wa kutosha usiku wa kuamkia, na kitu chepesi kama mkate na chai saa mbili au tatu kabla ya kuanza, kisiwe na mafuta mengi kwa kuwa mafuta huchelewa tumboni. Kwa kilomita 42 lazima ule njiani. Matumbo hupokea gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na hadi 90 kwa aliyejizoesha na akichanganya glukosi na fruktosi (sukari ya matunda), kwa kuwa kila moja hupita kwenye mlango wake. Ndizi moja ya wastani ina gramu 25 hivi. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alikuwa akipokea vinywaji vya wanga njia nzima. Lizoeshe tumbo vinywaji hivyo mapema siku za mazoezi marefu, usijaribu kitu kipya siku ya mashindano.

Ukimaliza, misuli inataka siku nzima hivi kujaza glikojeni upya, na hupokea wanga kwa pupa zaidi katika saa mbili za mwanzo. Kama kesho hukimbii, huna haja ya kuharakisha. Kama kesho kuna mbio nyingine au kuna mkokoteni, kula mara tu tumbo likikubali: ugali, mayai mawili, sukuma, na chai yenye maziwa, safari hii weka sukari unavyotaka.